Bega Lililolala

Kibega, fundi cherehani, aliingia duka moja kufuata muziki tu. Wenye duka waliuza santuri, vijitabu walivyochapa kwa mkono, na makoti ya kiume ambayo hayakufanana hata mawili. Nyuma ya pazia cherehani ilikuwa ikilia.

Akajaribu koti la kijivu, kwa udadisi wa mtu wa kazi. Likamkaa sawasawa.

Akalipapasa bega, asiamini. Bega lake la kushoto limelala tangu alipoanguka utotoni, na hakuna koti la dukani lililowahi kumkaa. Marehemu kaka yake, fundi pia, ndiye aliyekuwa akikata makoti yote ya wateja kwa kumpima yeye, eti sanamu ya kupimia nguo ni gharama. Wateja walirudi wakilalamika, naye kaka habadiliki: "Usijinyooshe, Kibega. Simama kama ulivyo."

Akageuza ukosi. Chini yake palikuwa na vifundo vitatu vya uzi mwekundu, alama ya kaka yake. Alama za chaki ya kukatia zilikuwa mbichi, zikampaka kidole.

"Wenzako wote wamelikataa," muuzaji akasema akicheka. "Wewe limekukaa utadhani ulipimwa."

"Kashona nani?"

"Fundi wetu mpya. Mpole huyo! Hajasema neno tangu aje."

Kibega akakitazama kiganja chake. Ndicho kilichotia udongo kaburini mwa kaka yake, miaka minne iliyopita.

Cherehani ikanyamaza.

"Usijinyooshe, Kibega," sauti ikasema nyuma ya pazia.

Bega likashuka lenyewe.