Samaki Mmoja kwa Siku

Tone. Kimya. Tone.

Alfajiri haijaingia, na bomba la jikoni lilikuwa likidondokea kwenye sufuria. Mzee Orrin Tveit alilala akilisikiliza. Usipoliacha bomba lidondoke katika baridi ya Januari, maji huganda ndani na bomba hupasuka. Ukiliacha, majirani watakusema, maana mvua ilikatika tangu Juni, na pampu za mji zilikuwa zikinyonya Ziwa Ansel usiku na mchana, hata baada ya barafu kufunga juu yake. Kwa hiyo Orrin alikinga kila tone, na asubuhi akayachemshia kahawa.

Binti yake Marit alikuwa ameshavaa koti. Alikuja kutoka mji wa Boise wiki iliyopita kumchukua baba yake akaishi naye.

"Mapatano ni mapatano, Baba," alisema, akimfunga skafu shingoni. "Ulisema mwenyewe: siku ziwa litakapokunyima samaki, unahama."

"Nilisema."

"Basi naona ndiyo leo. Mimi naenda mjini kutafuta maboksi ya kufungia vyombo. Saa sita nitakuwa nimerudi."

Kila siku alikwenda kutafuta maboksi. Kila siku alirudi na boksi moja tu, kitako chake kimelowa, na suruali yake ina tope hadi magotini. Orrin hakuuliza. Alitazama viatu vya theluji vya marehemu mkewe, Borghild, ambavyo bado vilikaa pale mlangoni. Nyumba hii waliijenga wawili, ubao kwa ubao. Akachukua ndoo yake na mshipi, akashuka ziwani.

Jirani yake, Clovis Pruett, alikuwa tayari amekaa juu ya barafu.

"Umechelewa, Mzee! Samaki wako ameshakuulizia mara mbili."

"Na wa kwako?"

"Wa kwangu? Walihamia Kanada tangu Novemba, hata kwaheri hawakuniaga."

Matundu yote mawili ya kuvulia kwenye barafu aliyatoboa Orrin, kwa sababu kiuno cha Clovis hakikubali kuinama, na macho yake yalikuwa yameishiwa nguvu.

Jumatatu Orrin alivua trauti mzuri, mzima. Jumanne akavua mwingine, ila huyu hakuwa na matumbo.

"Mbona ameshatumbuliwa?" Clovis aliuliza.

"Njaa. Ukame huu wamekula mpaka vya ndani mwao."

Jumatano alitoka asiye na kichwa, na Clovis akavua kofia kwa heshima. Jana alitoka trauti wa moshi, mwekundu, na kipande cha limau kimeng'ang'ania ubavuni.

"Huyu ananukia moshi, Orrin."

"Maji yamepungua, wamebanana huko chini. Watu wakisuguana hivyo, moshi utakosa kutoka?"

Clovis aliliwaza jambo hilo usiku kucha, na leo alikuja na hoja.

"Tubadilishane matundu."

"Ya nini?"

"Unaogopa? Au samaki wanakujua kwa sura? Mke wangu ananicheka, Orrin. Jana kanipikia maharage, akaniambia nijifanye ni samaki."

Orrin alitaka kukataa. Kisha akakumbuka ni nani aliyekuwa akimwondolea theluji njiani kila asubuhi, majira yote yale Borghild alipokuwa mgonjwa, na wala hajawahi kulitaja. Akabeba ndoo yake, akahamia tundu la Clovis, upande wa ukuta wa bwawa.

Wakakaa. Saa nne, Clovis alipiga yowe.

"Ninaye! Ninaye, jamani!"

Alikuwa trauti mkubwa, na kichwa chake, na mkia wake. Clovis akambusu mdomoni. Orrin alicheka naye na kumpongeza, kisha akageukia tundu lake. Saa tano ikapita. Kutoka pale aliliona dirisha la jikoni kwake. Saa sita ilikuwa imekaribia, na mshipi wake ulining'inia kama kamba ya kuanikia nguo.

Ghafla akainama juu ya tundu, akapaza sauti.

"Clovis! Mimi leo nipo tundu HILI! La upande wa BWAWA!"

"Nakuona, Mzee, nipo hatua kumi. Kelele zote hizo za nini?"

Orrin alisubiri. Baada ya muda mshipi ukavutwa mara tatu, taratibu, kama mtu anayepiga hodi. Akauvuta, ukaja mkavu, na mwishoni mwake alikuwapo trauti mdogo, hana matumbo.

"Maskini," alisema Clovis. "Na huyu naye njaa."

Kisha akamkumbatia samaki wake kifuani kama mtoto mchanga, akaenda mbio kumwonyesha mkewe, kiuno na yote.

Orrin alipobaki peke yake, alitoa kotini chupa ya kahawa na zile glavu ambazo Marit alizisahau mezani asubuhi. Akazifunga pamoja kwenye mshipi, akazishusha tunduni polepole, mpaka mtu akazipokea.

"Ahsante, Baba," ilisema sauti ya Marit kutoka sakafuni mwa ziwa, ambako hayakubaki maji hata ya kujaza sufuria. "Kesho uje tena. Na Mzee Clovis mlete, nimebakiwa na wawili wa moshi."