Shilingi Isiyoguswa

Yule mwanamke aliiweka shilingi kwenye kaunta, ikiwa bado ndani ya kikasha chake cha plastiki, kisha akaufunga mlango wa duka. Nicodemus, aliyekuwa nyuma ya kaunta, akainama kuitazama.

Aliijua shilingi ile. Ya simba, ya mwaka wa 1924, upande wa pili mfalme mwenye ndevu. Alikuwa amemuuzia mkusanyaji mmoja wa sarafu wa Mombasa, na kibandiko kilikuwa na mwandiko wake mwenyewe: “Daraja la kwanza. Haijawahi kutumika.”

Sasa tuelewane mapema: Nicodemus hakuwa mwizi. Kila kitu kwenye kile kiduka chake cha sarafu karibu na stesheni ya Voi alikinunua kwa haki. Ila sarafu ikishaingia mikononi mwake, lazima ipandishwe cheo. Iliyochakaa aliiita nzuri, na nzuri akaiita mpya, na usiku akalala usingizi wake vizuri tu. Hii ya simba aliitoa Maungu, kwa Munyoki muuza kuku, aliyekuwa akiitumia kukwangulia kadi za simu. Ilikuwa nyeusi tititi. Nicodemus akailoweka kwenye ukwaju, akaisugua kwa majivu, akaipaka mafuta ya nazi hadi simba akang'aa kucha na mkia.

“Kibandiko hiki umeandika wewe?”

“Ni mimi, madam.”

Nyuma ya mwanamke alisimama mzee mmoja, ameshika kofia kifuani. Nicodemus alimwamkia, shikamoo, mzee asiitikie. Wakaguzi hawa, akawaza. Chama cha wakusanyaji kimenitumia watu. Mwaka jana chama hicho kilimfukuza mfanyabiashara wa Mtito kwa kosa hili hili, picha yake ikasambazwa kila mahali, na sasa anauza matikiti barabarani. Nicodemus hakuwa na kazi nyingine aliyoijua. Jina likiharibika, basi, amekwisha.

“Una hakika haijawahi kutumika?” mwanamke akauliza. Alikuwa ameweka simu yake kando ya kikasha, inarekodi.

“Hata sokoni haijafika.”

“Miaka yote hiyo? Bwana Nicodemus, labda uliinunua kwa mtu, ukaisafisha kidogo. Sema tu. Kama ni hivyo, sisi tunaenda zetu.”

Mtego huo! Nicodemus alitaka kucheka. Anadhani nimezaliwa jana?

“Mimi sisafishi sarafu, madam. Hii ilitoka kwenye mkebe wa bati, umechomelewa mdomo tangu enzi za wakoloni.”

Mzee aliinua kichwa. Nicodemus akaona amemgusa, akapata nguvu.

“Mkebe ulikuwa wapi?”

“Ulizikwa. Chini ya jiwe, huko juu milimani.”

“Upande gani? Mghange?”

“Hapo hapo! Mghange,” akasema Nicodemus, ambaye hajawahi hata kupakanyaga.

Nje lori lilipiga honi, na Nicodemus akaruka.

“Nani aliufungua?”

Akitaja mtu, mtu huyo ataitwa, ataulizwa, na uongo wote utamwagika. “Mimi.”

“Ulikuwa na nani?”

“Peke yangu. Nililivunja jiwe kwa nyundo, nikaufungua mkebe. Madam, kabla ya mkono wangu hakuna mkono wa mtu uliowahi kuigusa shilingi hii, isipokuwa wa yule aliyeiweka.”

“Unaweza kuapa?”

“Hata kwa Biblia.”

Mwanamke aliizima simu, akaitia mfukoni. Hakubishana tena. Nicodemus alishusha pumzi. Kumbe kazi yenyewe ilikuwa kusimama imara tu! Akaanza hata kuwaza kuwaagizia chai.

“Mzee Elijah,” mwanamke akasema, “umesikia?”

“Nimesikia, Inspekta.” Mzee alisogea hadi kwenye kaunta. “Mkebe huo aliuweka babu yangu, ndani yake shilingi mpya kama hii, siku walipoweka jiwe la msingi la kanisa letu la Mghange. Na mlinzi aliyepigwa nyundo usiku wa kuvunjwa kwa jiwe hilo alikuwa mwanangu. Tumemzika.”

Pingu zilikuwa zimeshabana mkono mmoja kabla Nicodemus hajapata sauti.

“Ni ya muuza kuku!” akapiga kelele. “Niliisugua kwa majivu, madam! Itazameni vizuri, imechakaa! Haki ya Mungu, ni kuukuu!”