Uji wa Mama na Darasa la Busan

Siku hizi ukipata mkataba wa muda mfupi wa kufundisha Kiingereza ng'ambo, huendi wewe. Inakwenda sauti yako. Mwanahawa alibaki Tanga, ukanda wa kusafirisha sauti, usiofunguka, ukiwa shingoni. Kila alilosema lilisikika darasani Busan, Korea, na mle chumbani alimokaa na mama yake hata mnong'ono haukutoka. Sauti za darasani tu ndizo zilizorudi, kwenye spika juu ya kabati.

Mama yake haoni. Tangu mkataba uanze, alikuwa akiusukuma mkono uliomletea uji.

"Silishwi na bubu nisiyemjua. Niitieni mwanangu."

Mama akakonda mpaka mabega yakachomoza. Asubuhi moja, katikati ya somo, Mwanahawa akafunga kitabu, akampelekea mama kijiko cha uji, akasema bila sauti ya kumfikia mama yake, "Mama, ni mimi. Kunywa uji."

Darasa zima likaitikia kwenye spika: "Mama, ni mimi. Kunywa uji."

Mama akacheka. "Watoto wa nani hao, Kiswahili chao kimepinda hivyo?" Akafungua kinywa.

Msimamizi wa darasa akaingilia kwenye spika. "Mwalimu, Kiingereza tu. Ukirudia, sauti yako haturudishi."

Mwanahawa akachota kijiko cha pili.

"Haya, wanangu," akawaambia. "Semeni: Mama, ongeza kidogo."