Namba Sita za Kheri

Ripoti ya chanjo ilikwama kwa mara ya nne. Mafaili yalikuwepo mtandaoni, lakini programu iliyafungua kwa jina la Kheri tu, na Kheri walishamzika wiki tatu zilizopita. Lukindo, aliyekalia kiti chake ofisini, akampigia Mwajabu, mjane wa Kheri.

"Shemeji, samahani kukusumbua ukiwa edani. Simu ya marehemu inawaka?"

"Naichaji kila siku," alisema Mwajabu.

"Kuna namba za siri zitaingia humo. Nisomee."

Akabonyeza kwenye kompyuta, namba zitumwe. Upande wa pili simu ya Kheri ikalia.

"Tangu tumzike haijalia hata mara moja," Mwajabu alisema. Akazisoma namba sita polepole, kama mtu asiyetaka zifike mwisho.

Mafaili yakafunguka. Kilichobaki kilikuwa Lukindo kufuta jina la Kheri na kuweka lake, ili namba zije kwenye simu yake mwenyewe na ripoti isikwame tena.

"Shemeji," Mwajabu aliuliza, "na kesho mtatuma namba nyingine?"

Kwenye kioo, pembeni ya jina la Kheri, neno Futa lilikuwa linamsubiri Lukindo, na kidole chake kimetulia juu ya kipanya.