Sebule Yenye Kamera

Binti yangu Asteria alisimamishwa shule kwa kumpiga mwenzake, na sebule yetu ikageuzwa darasa lake. Shule ikafunga kamera juu ya kabati la vyombo ili walimu watutazame. Yeyote nyumbani akiongea bila kunyoosha mkono na kuruhusiwa, mtoto anaongezewa adhabu.

Asubuhi ya kwanza nilimtania, "Mwalimu mkuu, chai yangu iko wapi?" Akacheka. Akaongezewa wiki.

"Baba Asteria, funga huo mdomo!" mke wangu akafoka. Wiki nyingine.

Tukajifunza kunyamaza.

Sasa amerudi shule na kamera imeondolewa. Jana nilimuuliza kama ameshiba. Akanyoosha mkono, akatazama juu ya kabati, akasubiri.

"Sema," nikamwambia.

Adhabu ile imetugharimu muhula mmoja, utani wangu, nyimbo za mama yake jikoni, na kile kicheko.