Herufi za Bi Mwanakheri

Sheria ilitaka kila mzee aandike jina lake kwenye simu kila siku kabla ya adhuhuri. Asiyeandika alihesabiwa amefariki, na nyumba yake ikamwendea mrithi. Vidole vya Bi Mwanakheri vilitetemeka mno kugusa kioo, hivyo alitegemea kibodi isiyo na waya. Leo ilikataa kuunganika. Alibadilisha betri, akaizima simu na kuiwasha tena. Simu ikaandika: "Kibodi hii imeunganishwa na simu nyingine iliyo karibu."

Nyumbani walikuwa wawili tu.

"Hemedi mwanangu, simu yako umeizima?"

"Nimeizima, mama," mwanawe alijibu kutoka chumbani kwake. "Wewe endelea kujaribu."

Adhuhuri ilikaribia. Akabonyeza herufi moja. Chumbani kwa Hemedi, simu ikalia. Akabonyeza nyingine, ikalia tena. Kisha akamsikia mwanawe akifunga mlango kwa ufunguo.