Kikohozi cha Masele

Masele alisimama mlangoni pa nyumba yake mwenyewe, Kiseke, akakohoa kwa nguvu. Akasubiri. Akakohoa tena, ndipo akaingia.

Ng'ambo ya uzio, jirani yake Nurdin alifunga dirisha. Mwaka ule hakuna aliyetaka kusikia kikohozi, na Masele alikohoa hivyo kila arudipo, hata akitoka bombani tu. Nurdin alimuuliza kwa mbali, barakoa imempanda mpaka machoni. "Mimi mzima kabisa, jirani," Masele alijibu, na dirisha halikufunguliwa.

Corona ilikuwa imefunga chuo. Masele, mhadhiri wa utamaduni kwa mkataba, alizoea kupeleka masimulizi ya kale kwa wananchi kila Jumamosi, leo Kisesa, wiki ijayo Buhongwa. Sasa mkuu wa idara, Dokta Teodora, aliagiza yote yahamie mtandaoni. "Tukikosa watazamaji, programu inafungwa," alisema. Programu ikifungwa, mkataba wa Masele nao ndiyo basi.

Jumamosi ya kwanza Masele alisoma mhadhara kuhusu umuhimu wa utamaduni. Walibaki wawili, mmoja amesinzia kamera ikiwa wazi.

Ndipo Evelina, mkewe, akampatia msimulizi: bibi mmoja mwenye hadithi zisizokwisha. Bibi alikubali kwa sharti moja tu, asionekane wala asitajwe jina. Kwenye skrini palikuwa na kiboksi cheusi na sauti. Lakini sauti gani hiyo, jamani! Fisi wake akilia, watoto wa Dar es Salaam walijificha nyuma ya makochi. Watu wakajazana.

Halafu maneno yakaanza. Machibya, mhadhiri mwenzake, aligundua kwamba umeme ukikatika kwa Masele, bibi naye anapotea. Jogoo akiwika kwa Masele, kwa bibi anawika pia.

"Hakuna bibi hapo," Machibya aliwaambia wenzake. "Ni Masele anabana sauti."

Idara ikacheka. Kisha ikaacha kucheka, maana kudanganya umma kwa jina la chuo ni kosa la kufukuzwa kazi.

Dokta Teodora akapiga simu. "Huyo bibi anaitwa nani?"

"Siwezi kulitaja jina lake, Dokta."

"Umewahi kumwona?"

"Siwezi kusema nimemtazama."

"Masele! Unamfahamu au humfahamu?"

"Namheshimu sana, Dokta."

Dokta Teodora alivuta pumzi. "Jumamosi afungue kamera. La sivyo, usihangaike kurudi chuoni."

Masele alimweleza Evelina. Evelina akashika kichwa. "Watu wa kwetu wakimwona, watasema nini?" Kazi aliipenda, na nyingine hakuwa nayo.

Jumamosi idara nzima iliingia mtandaoni, hata wale ambao utamaduni hauwahusu.

"Shikamoo, bibi," alisema Dokta Teodora.

"Marahaba, mwanangu."

"Tunaomba tukuone."

Masele alifuta jasho.

"Dokta," alisema mwishowe, "nifukuzeni tu. Bibi aachwe."

"Hafukuzwi mtu kwa ajili yangu," sauti ya bibi ikasema. "Nitafungua. Ila yeye ageuke kwanza."

"Anatafuta upenyo wa kukimbia," Machibya aliandika, wote wakasoma.

Masele hakubishana. Aligeuza kiti chake akakaa akitazama ukuta, na idara ikabaki ikitazama kisogo chake.

Kiboksi cheusi kikawaka. Alikuwepo bibi kweli, mwembamba, ameketi kitandani, kitenge amekivuta mpaka usoni.

"Evelina mwanangu," aliita, "hebu nenda ukachungulie kama mkwe wangu ameshageuka."

Evelina akapita mbele ya kamera ya bibi, akatoka. Papo hapo, kwenye picha ya Masele, mlango ukafunguka na kichwa cha Evelina kikachungulia.

"Ameshageuka, mama!"